Fisimaji Kwenye Kiti cha Nukta

Sogea hapa, na kabla sijafungua mdomo, apa. Apa kwa kitu unachokipenda kweli. Mimi niliapa kwa tufe la mchezo wa boling la marehemu mume wangu, lile jekundu ambalo hadi leo liko juu ya friji yangu, kwamba jambo la Emil Hudak halitatoka kinywani mwangu. Nimekaa nalo tangu Februari hadi mwanzo wa Julai. Miezi mitano! Daktari angenipima angekuta limenivimba mahali. Umeshaapa? Hutamwambia mtu? Haya. Emil Hudak, yule fundi lifti asiyesema, ana mkia.

Kijiwe chetu kiko kona ya barabara ya Penn, mbele ya duka la kahawa la Loretta, karibu kabisa na ule ukumbi mkubwa wa mikutano. Kuna benchi moja la chuma, na mwisho wa benchi, upande wangu, kiti cha kukunja cha bluu. Hicho ni cha Emil. Saa mbili asubuhi tuko pale, wanne. Wa kwanza ni Leroy Gaskins, aliyeendesha basi miaka thelathini na mmoja na mpaka leo anapanga watu wakae wapi. Huyo tunamwita Sheriff, yaani mkuu wa polisi. Wa pili ni Chester Wojtas, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa. Anasoma gazeti moja la bure na kutufafanulia dunia nzima, basi ni Profesa. Emil tunamwita Nukta. Akifika anasema "Asubuhi," kisha anafunga mdomo mpaka kesho yake. Mimi ni Bernadette Kostelnik, fundi cherehani mstaafu. Wananiita Redio, na sijapata kuelewa kwa nini.

Kila siku tunanunua boksi la donati sita. Nne zetu, moja ya Loretta kwa kutuvumilia dirishani kwake, na ya sita, ile ya jemu, ni ya mgeni yeyote atakayesimama kutusalimia. Ndiyo sheria ya kijiwe. Ila miaka nenda miaka rudi hakuna mgeni aliyewahi kuionja. Ikifika saa tatu imeyeyuka. Boksi hukaa kati yangu na kiti cha Nukta, nami hulifunika kwa kitambaa changu kwa ajili ya nzi, na hata hivyo inapotea. Sheriff alishaamua zamani kwamba mwizi ni Nukta. Ukimtuhumu hajitetei, anatazama viatu vyake tu.

Sasa turudi kwenye mkia. Mwezi wa pili, theluji imefika magotini, nasikia mlango unagongwa. Nafungua, namkuta Emil kakumbatia mfuko mkubwa kama amebeba mtu.

— Bernadette, akaniambia, unaweza kutia bitana?

Mfukoni mlikuwa na manyoya ya kahawia, mita na mita. Ndipo akanieleza, neno moja kwa dakika, kwamba ni mmoja wa wale watu wa manyoya, wanaovaa mavazi ya wanyama na kujaa mjini kwetu kila kiangazi. Miaka yote amekuwa akienda kwenye mkutano wao na beji yake shingoni, anasimama ukutani siku nne, anarudi nyumbani. Mwaka huu alitaka kuvaa mnyama wake mwenyewe, fisimaji. Kichwa alishakitengeneza peke yake, na sharubu, na feni ndogo ndani ya pua.

— Wa kijiweni wakijua, akasema, itabidi nitafute benchi jingine. Nami sina jingine.

— Emil, mimi na siri ni kitu kimoja.

Alinitazama kwa muda mrefu.

— Mimi ni mtu wa kuona tu, akasema. Sisemi. Na wewe usiseme.

Ndipo nikaapa kwa tufe.

Alhamisi iliyopita, kabla sijaandaa chakula cha jioni, akaja tena mbio, jasho linamtiririka, mkia mkononi umechanika kwenye mshono.

— Umefanya nini, mtoto wa watu?

— Lifti! Lifti ya hoteli! Tulikuwa kumi na mmoja ndani, Bernadette: mbwamwitu wanne, paa, joka la zambarau, na wengine sikuwajua. Mlango ukafunga, mkia wangu nje. Miaka ishirini na miwili natengeneza lifti, leo lifti imenila mkia!

Akacheka. Mimi nilisimamisha cherehani. Miaka kumi na mmoja nakaa naye, sikuwa najua kwamba Emil ana kicheko. Ni kicheko cha ajabu, kinaanza kama mlango mkavu usiotiwa mafuta, halafu kinafunguka chote.

— Na mlifanyaje?

— Hakuna aliyesema neno! Ndani ya kichwa hatusemi, ni desturi yetu, na kichwa hakivuliwi mbele ya watu. Basi joka likaanza kulia kwa mikono, hivi, likijifuta machozi. Paa akapiga magoti kuuombea mkia. Nimecheka mpaka macho ya kichwa yameingia ukungu, sioni kitu, nimeshikwa mkono kama kipofu.

— Na watu wote wale hawakukuchosha?

— Walinichosha. Kuna chumba cha kupumzikia, kimya kabisa, wenye mavazi wanavua vichwa na kukaa mbele ya mafeni. Nilikaa sakafuni. Akaja jamaa, mbwamwitu, akakaa pembeni yangu. Saa nzima, Bernadette. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Hakuniuliza mbona umenyamaza. Mwisho akaninyooshea dole gumba, nami nikamnyooshea langu, akaondoka. Sijapata mazungumzo mazuri kama yale maishani mwangu.

Alisema dakika arobaini bila kupumua. Maneno ambayo kijiweni angeyagawa mpaka Krismasi ya mwaka wa kumi. Nikaushona mkia kwa uzi wa mara mbili, akauchukua, mlangoni akageuka.

— Jumamosi kabla ya gwaride letu la mavazi nitapita kijiweni. Nimevaa. Nataka nikae nanyi hivihivi, mara moja tu. Usinitaje.

Unaona mzigo niliotwishwa?

Jumamosi nikafika kijiweni wa kwanza. Kiti cha bluu kilikuwa mahali pake, maana Nukta hukiacha hata akisafiri. Mjini kwetu ukiweka kiti mahali, mahali hapo ni pako. Majira ya theluji mtu huacha kiti cha jikoni barabarani pale alipotoa gari, na hakuna atakayekisogeza, hata awe na haraka ya kujifungua. Sheriff akaja na kahawa yake, akaketi, akakitazama kile kiti kama kinamdai.

— Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, leo Jumamosi, akahesabu kwa vidole. Kila mwaka wakati huuhuu anatoweka. Mimi nawaambia, yule ana mke Cleveland.

Profesa akashusha gazeti, maana Cleveland ni mji wa mahasimu wetu.

— Cleveland? Mbona unamtukana mtu na hayupo?

— Sasa anakwenda wapi?

— Fikiri, Leroy. Fundi lifti, na hasemi. Serikali ikitaka mtu wa kushusha watu chini kwa siri itamchukua nani? Wewe na mdomo wako?

— Chini wapi, mzee?

— Chini ya mito! Tuna mito mitatu juu. Hujawahi kujiuliza chini kuna nini?

— Matope.

— Matope, kisha mwamba, kisha ofisi. Ofisi zina meza na mafaili, na wanaofanya kazi humo hawajaona jua tangu yule rais mkulima wa karanga, miaka ya sabini. Mara moja kwa mwaka lifti yao inafanyiwa ukaguzi. Siku nne.

— Umeisoma wapi hiyo?

— Haijaandikwa. Ndiyo maana najua ni kweli.

— Na mkewe wa Cleveland anakaa huko chini?

— Leroy, hata chini ya ardhi watu wana staha zao. Cleveland wana lango lao wenyewe.

Mimi nikakohoa. Nikaona nichochee kidogo, moto usizimike.

— Labda anaimba, nikasema. Labda Nukta huwa mahali fulani anaimba na kucheza mbele ya watu elfu.

Wakacheka mpaka Loretta akatoa kichwa mlangoni.

— Redio, leo betri zako zimeungua! Nukta acheze?

— Nimesema labda.

— Sikilizeni, Sheriff akakata kicheko. Mimi nina jambo zito. Ile donati ya mgeni. Miaka kumi na mmoja mtu yule anakula haki ya wageni, na ukimuuliza anatazama viatu. Mtu anayekula cha mgeni hana kiti. Leo nakikunja kile kiti, nampa Loretta akiweke stoo. Atakaporudi toka kwa huyo mke wake akute pametakata.

Kukunja kiti cha mtu ni kumwambia mbele ya mji mzima kwamba hana mahali.

— Si unaonea, Leroy? nikasema. Mtu hayupo.

— Tutapiga kura. Watatu tunatosha.

Hapo ndipo alipotokea. Alikuwa anavuka barabara polepole, ameshikwa mkono na msichana mwenye masikio ya mbweha kichwani, beji shingoni na chupa ya maji yenye mrija mrefu. Manyoya ya kahawia yanang'aa, tumbo la rangi ya maziwa, sharubu zinacheza, na mkia, mkia wangu, unapepea nyuma na mshono hauonekani hata kidogo. Madereva wakapiga honi. Polisi wa njiapanda akampungia. Kwetu watu wa manyoya wakiingia mjini hakuna anayeshangaa. Loretta anawaagizia mirija mirefu, na chakula cha mchana jirani yangu huwa anakula na twiga.

— Oho, panya! Profesa akasema kwa heshima zote.

— Panya gani mwenye mwili huo? Huyo ni nguchiro, akajibu Sheriff.

— Nguchiro na miguu ya bata?

— Basi ni mbwa aliyeloa.

— Ni fisimaji, wazee wangu, akasema yule msichana akicheka. Mimi naitwa Marisol, namwongoza. Ndani ya kichwa haoni vizuri, na hasemi. Anasikia tu.

Sheriff, ambaye mwanawe mwenyewe hajamkumbatia tangu siku ya harusi, akasimama, akafungua mikono.

— Naruhusiwa?

Fisimaji akaitikia kwa kichwa, kisha akamkumbatia. Si kwa kumgusagusa mgongoni, la, alimkumbatia hasa, mpaka kofia ya Sheriff ikaanguka. Walikaa hivyo muda. Sheriff alipoachiwa, macho yalikuwa yamelowa, akasingizia manyoya.

— Huyu anakumbatia kama mtu, akasema. Laiti Nukta wetu angekuwa robo ya huyu. Miaka kumi na mmoja nakaa na yule mtu, Redio, na sijui mpaka leo kama ananipenda au ananivumilia.

Niliuma ulimi. Kweli, niliuuma mpaka nikaona nyota. Na fisimaji akasimama palepale, mikono imeshuka, sharubu zimetulia. Halafu akazunguka benchi, akaja upande wangu, akaketi. Kwenye kiti cha bluu.

— Mheshimiwa mnyama, akasema Sheriff taratibu, hicho kiti kina mwenyewe.

Fisimaji hakutikisika. Akaweka mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kama Nukta anavyoweka. Nikajua sasa tumekwisha. Lakini Sheriff hatazami miguu ya watu.

— Muache, akasema Profesa. Si ulikuwa unataka kukikunja?

— Ndiyo, na nitakikunja. Lakini mpaka hapo ni cha Nukta. Hata mwizi kiti chake ni chake mpaka kura ipite.

— Mwizi? akauliza Marisol. Nani kaiba?

Sheriff akamweleza yote. Sita za boksi, ya jemu, ya mgeni, viatu. Anaeleza huku ameegemea bega la fisimaji kama rafiki yake wa shule, naye fisimaji kanyamaza, anasikiliza kesi yake mwenyewe.

— Kura, akasema Sheriff. Mimi nasema kikunjwe.

Profesa akakuna kidevu.

— Mke wangu alipolazwa, akaanza, Nukta alikuja hospitali. Alisimama pale ukumbini tangu asubuhi mpaka jua likazama. Hakusema neno. Nilipotoka nikamkuta ananishikia kahawa, imeshapoa.

— Kwa hiyo kura yako ni hapana?

— Nafikiri bado. Donati nayo ni donati, Leroy. Ya mgeni ni ya mgeni. Haya. Nasema ndiyo, lakini kwa kusikitika.

— Redio?

Wote wakanigeukia. Fisimaji pia akageuza kile kichwa chake kikubwa, macho yake ya plastiki yakaniangalia. Nikajua nyuma ya macho yale kuna macho ya Emil, na Emil hana benchi jingine.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, na lolote kati ya hayo lingemwokoa. La kwanza lilikuwa siri yake. La pili nilikuwa silipendi. Na mimi nikiwa na wasiwasi, ndugu yangu, mkono wangu una tabia zake.

— Mnanisukuma, nikasema. Ngoja nifikiri.

— Redio afikiri? Loretta, funga duka, dunia inaisha!

— Samahani, akasema Marisol. Nami niulize kidogo tu. Huyo mwenzenu hayupo tangu Jumatano, sivyo?

— Tangu Jumatano, akasema Sheriff kwa ushindi.

— Na Alhamisi donati ya mgeni ilikuwepo?

— Ah, ilipotea.

— Na jana?

— Jana nayo.

— Basi hizo za siku alizokuwa hayupo amekula nani?

Sheriff akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Sheriff. Profesa akafungua mdomo, nikadhani ataleta wale wa chini ya mito, akaufunga. Sijapata kuona Profesa akikosa maelezo, ilinipa kizunguzungu.

— Hilo, akasema Sheriff, hilo swali ni, hilo...

— Na tena mimi ni mgeni, akaongeza Marisol kwa upole. Ya leo si yangu? Iko wapi?

Nikaona nisipowageuza macho sasa hivi, mambo yataharibika. Miezi mitano nilikuwa nimeshika siri ya watu kama mtakatifu, na sasa niliamua, Mungu anisamehe, kuitoa yote hewani mara moja. Nikainua sauti.

— Jamani, sahauni donati! Nisikilizeni mimi! Mimi namjua huyu aliye ndani ya huyu fisimaji! Huyu ni...

Kiganja cha manyoya, kikubwa kama kikaango, kikatua taratibu juu ya kile kitambaa changu cha nzi. Chini ya kitambaa kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na mkono wangu. Kikaushika kwenye kifundo, bila kuumiza, kikauinua juu, juu zaidi, mpaka kila mtu akaona: vidole vitano vya Bernadette Kostelnik, sukari mpaka kwenye kiwiko, na donati ya jemu katikati. Mkoba wangu ulikuwa wazi magotini, na ndani nilikuwa nimeshatandika kitambaa cha karatasi, kama ninavyotandika kila siku.

Miaka kumi na mmoja yule mtu alikaa pembeni yangu, kwenye kile kiti, boksi liko kati yetu. Aliona tangu siku ya kwanza. Akatuhumiwa, akatazama viatu vyake, akaninyamazia.

Fisimaji akainua mkono wake wa pili, akaninyooshea dole gumba. Kisha mle ndani ya kichwa kikaanza kile kicheko, kwanza kama mlango mkavu, halafu kikafunguka chote, mpaka tumbo la maziwa likatikisika na kiti cha bluu kikalia chini yake. Hakuna aliyemtambua. Wangemtambuaje, na kijiweni hakuwahi kucheka hata mara moja?

Jemu ikaanza kunidondokea kwenye sketi. Loretta katoka nje na kisahani. Polisi wa njiapanda naye kasogea kuangalia, na paka wawili wa manyoya waliokuwa wanaelekea kwenye gwaride wamesimama wameshikana mikono. Sheriff akaokota kofia yake, akaivaa vizuri, akakunja mikono kifuani.

— Haya, Redio, akasema. Tangaza.